Zana Isilizidi Somo

Katika vyuo vya ualimu vya nchi hii, mwanachuo alipokwenda mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na karatasi ya kumpimia. Alitazama andalio la somo, sauti, mwandiko wa ubaoni na namna ya kuuliza maswali. Kisha alitazama zana za kufundishia. Wanachuo wengi waliamini kuwa penye zana nyingi pana alama nyingi. Mkufunzi mzuri hakudanganyika. Alijiuliza swali moja tu: zana ikishaondolewa mezani, mtoto amebaki na nini? Ikiwa amebaki na somo, zana ilikuwa njema hata kama ilikuwa gunzi la muhindi na vijiti viwili. Ikiwa amebaki na zana yenyewe, akifika nyumbani anasimulia habari za sanduku lililopakwa rangi nyekundu wala hakumbuki lilikuwa linaonyesha nini, basi mwalimu huyo alikuwa ametoa tamasha.

Kanuni hiyo ndiyo nitakayoitumia kupimia jambo ambalo kwa sura yake ni geni kabisa. Siku hizi mtu aweza kusimama mbele ya picha, sanamu au gofu, akaelekeza simu yake ya kupangusa, na kiooni akakiona kile kilicho mbele yake pamoja na kitu kingine kisichokuwapo: rangi iliyofutika ikarudi, ukuta ulioanguka ukasimama, mtu aliyechorwa akageuza shingo. Kwa Kiswahili wengine hukiita uhalisia ulioongezwa. Jina hilo halinitoshi, kwa sababu uhalisia hauongezwi wala haupunguzwi na simu. Kinachoongezwa ni picha baina ya jicho na kitu. Katika makala hii nitaiita picha ya nyongeza.

Sababu ya kuandika ni hii. Walimu wawili vijana wa hapa Sumbawanga wana nia ya kutengeneza programu ya simu ya namna hiyo kwa ajili ya malungu, yaani yale matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma. Mabaki yake bado yamo Nkansi na kwingineko katika nyanda hizi zetu za juu. Mengine yamesimama nusu, mengi yamebaki visiki. Vijana hao wanataka mtoto akielekeza simu kwenye kisiki alione tanuru zima, limewaka. Walikuja kwangu Chanji wakaniomba maoni. Swali lao linastahili jibu refu kuliko lile linalotolewa barazani juu ya kikombe cha chai.

Hapana budi kwanza tujue chombo hiki kilikotoka. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichomwezesha mtu kuona mistari iliyochorwa na kompyuta ikielea mbele yake chumbani. Mwaka 1992 Tom Caudell na David Mizell, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing, waliandika juu ya miwani ambayo ingemwonyesha fundi mahali hasa pa kupitisha nyaya katika kuunda ndege. Msomaji azingatie jambo hilo. Tangu mwanzo picha ya nyongeza ilikuwa zana ya fundi, iliyokusudiwa kumrudisha kwenye ubao na waya ulio mikononi mwake. Baadaye sana, mwaka 2016, mchezo wa Pokémon Go uliwatoa mamilioni ya watu nje kuwatafuta wanyama wasiokuwapo, na hapo chombo kikageuka kuwa cha burudani. Sanaa imekipokea kikiwa na tabia zote mbili, ya fundi na ya mchezo, na kazi ya mhakiki ni kuzitenganisha.

Mfano wa kwanza unatugusa Watanzania. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wa kale huko Tendaguru, katika Lindi, wakaisafirisha Berlin. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa katika jumba la makumbusho ya viumbe mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mifupa si sanaa, lakini kuichagua, kuiunga na kuisimamisha ili mtazamaji ashike mdomo ni sanaa, na mikono ya watu wetu imo tangu kuchimba hadi kufunga mizigo. Mwaka 2007 makumbusho hayo yaliweka vyombo mfano wa darubini. Mtazamaji alichungulia mifupa, na mbele ya macho yake ikavikwa matumbo, kisha misuli, kisha ngozi, na mwisho mnyama akatembea.

Kwa kipimo cha ualimu, darubini ile ilifanya vizuri katika jambo moja kubwa: ilikwenda kwa hatua. Haikumrukia mtazamaji na mnyama mzima. Ilianza na mfupa ulio pale kweli ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, hata mtoto akaelewa kwamba ngozi ni hitimisho lililojengwa juu ya mfupa. Lakini kila nyongeza ni uchaguzi, na kila uchaguzi una jambo uliloliacha. Darubini iliuongezea mfupa nyama. Haikuuongezea mabega. Mizigo ile ilishuka kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi, safari baada ya safari, na miongoni mwa waliosimamia kazi ya mifupa alikuwamo mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani. Kama chombo kiliweza kumwonyesha mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita, kiliweza pia kumwonyesha mpagazi wa mwaka 1910. Hapo tunajifunza kuwa picha ya nyongeza inafuata jicho la aliyeitengeneza. Ni ufafanuzi, na ufafanuzi una mwenyewe.

Mfano wa pili unatoka Kanada. Mwaka 2017 jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto, liliweka maonyesho yaliyoitwa ReBlink, kazi ya msanii Alex Mayhew. Mtu alielekeza chombo kwenye picha za rangi za zamani, na watu waliochorwa wakaacha ukimya wao wakawa watu wa leo, wenye pilikapilika na vyombo vya leo. Wageni walifurahi, nami sioni ubaya wa kufurahi. Aidha, kazi hiyo ilikuwa na dhamira yake: kutuchekesha sisi tusioweza kutulia mbele ya kitu kwa dakika mbili. Hata hivyo lipo tatizo. Tulipofundisha uhakiki tuliwaambia wanafunzi kuwa kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba huwezi kuchezea moja bila kuligusa la pili. Utulivu wa mtu aliyechorwa si upungufu wa ufundi wa mchoraji ambao sisi wa leo tumejaliwa kuutibu. Utulivu ndio usemi wake. Ukimchezesha, umeandika kazi mpya juu ya kazi ya mwenzio. Ni halali, kama vile ilivyo halali kwa mshairi kulijibu shairi la mwingine, ilimradi tuliite jibu. Tusiseme kwamba picha ya kwanza imeboreshwa.

Na hapo nataka nikae kidogo, kwa kuwa wauzaji wa vyombo hivi hupenda sana neno kuboresha. Huboreshwa mbegu, huboreshwa barabara. Kazi ya sanaa iliyokamilika mikononi mwa mwenyewe haiboreshwi na mtu wa pili. Yaweza kusafishwa, yaweza kuelezwa, yaweza kujibiwa. Hizo ni kazi tatu tofauti, na kila moja ina maadili yake. Anayesafisha hana ruhusa ya kuongeza chake. Anayeeleza ana ruhusa ya kuongeza, lakini hana budi kutuonyesha ni wapi panapoanzia maneno yake. Anayejibu ana uhuru wote, ila asidai kwamba anamsemea yule wa kwanza. Fujo nyingi za picha ya nyongeza zinatokana na kuzichanganya kazi hizi tatu chini ya neno moja la sifa.

Tuanze na kusafisha, ambako mfano bora tunao humu nchini. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imeenea katika mapango na miamba ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 2,336. Humo wamo watu wembamba wa rangi nyekundu, twiga, tembo na pofu, na juu yake michoro meupe ya baadaye. Jua, maji na mikono ya watu vimeifuta mingi. Shida ya kuiona si ya leo. Katika maeneo mengi ya michoro ya namna hii barani Afrika, wageni walikuwa wakiumwagia mwamba maji ili rangi zikolee. Zikakolea kwa saa moja na kuharibika kwa miaka. Mwaka 1951 Mary Leakey alipita Kondoa akinakili kwa mkono, na katika kitabu chake cha mwaka 1983 tunaona matunda ya kazi hiyo. Ile pia ilikuwa picha ya nyongeza, ya karatasi: mwamba hauonekani vema, nakala inaonekana, nawe unatazama huku na huku.

Tangu mwaka 2005 ipo programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman wa Marekani kwa njia iliyokuwa ikitumika katika picha zilizopigwa kutoka angani. Programu hiyo hailigusi jiwe. Inachukua picha ya kawaida na kuzivuta tofauti ndogo za rangi hadi jicho lizione, na mstari uliokuwa umezama ndani ya jiwe ukajitokeza. Mtafiti wa Poland, Maciej Grzelczyk, aliitumia njia hiyo katika pango la Amak'hee 4, huko Swagaswaga, na mwaka 2021 akatangaza michoro ambamo wamo watu wenye vichwa vikubwa vya ajabu. Bila chombo hicho, sehemu kubwa ya mistari ile ni doa tu machoni mwa mpita njia.

Naisifu kazi ya namna hiyo bila kusita. Maji yaliongeza nuru kwa kuiba rangi; programu inaongeza nuru wala haiibi kitu. Jambo hili ndilo fadhila kuu ya picha ya nyongeza, nao wazee wenzangu wanaoilaani wanalisahau: haishiki. Mtengenezaji akikosea, kosa linabaki kwenye simu nalo hufutika. Aliyekosea kwa saruji amekosea kwa karne nzima. Lakini hata msafishaji ana hatari yake. Ili kuionyesha tofauti, programu hugeuza rangi, na nyekundu ya mwamba yaweza kutoka zambarau au buluu kali. Mtaalamu anajua. Mtoto aliyeletwa na basi la shule hajui, naye ataondoka akidhani mababu walichora kwa zambarau. Kwa hiyo simu ya namna hiyo ikifika Kolo, ianze na mwamba ulivyo, na mgeni aachwe atazame kwa jicho lake kwanza, ashindwe kidogo, ndipo mistari imjie. Kushindwa kidogo ni sehemu ya somo. Mwalimu anayetoa jibu kabla ya swali kusikika amelipoteza swali.

Lipo pia jambo la heshima. Pale Mungomi wa Kolo wenyeji wamekuwa wakifanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Kwao mwamba haukuishia kwenye rangi. Mtu wa simu aweza kushawishika kuongeza ngoma, moshi na mganga anayecheza, ili mgeni apate raha. Hapo amevuka kutoka kusafisha hadi kujibu, tena anajibu kwa niaba ya watu walio hai ambao hawakuulizwa.

Nani basi aulizwe? Mwaka 2017 kampuni ya Snapchat iliweka katika bustani ya Central Park, New York, sanamu ya Jeff Koons isiyokuwapo: mbwa mfano wa puto, aliyeonekana kwenye simu tu. Muda si muda msanii mwingine, Sebastian Errazuriz, akaweka katika simu mbwa yule yule akiwa amechafuliwa kwa michoro ya ukutani, ili kuuliza nani aliyeipa kampuni haki ya kukalia bustani ya watu wote. Mwaka uliofuata kundi la wasanii liitwalo MoMAR liliingia katika chumba cha picha za Jackson Pollock, kwenye jumba kubwa la sanaa mjini humo, nalo likatundika kazi zake juu ya zile za Pollock bila kumwomba mtu ruhusa na bila kugusa ukuta. Wengine walicheka. Mimi naona waliuliza swali zito kuliko wengi wanaoandika vitabu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliandikwa kuyalinda mawe na majengo. Iliandikwa kabla mtu hajawaza juu ya hewa iliyo mbele ya jiwe. Leo mtu akiwa Ulaya aweza kuipamba Kilwa Kisiwani apendavyo, na Mkilwa asijue.

Wengine wamekitumia chombo hiki kudai haki. Mwaka 2023 kundi liitwalo Looty, lililoanzishwa na Chidi Nwaubani, liliweka mfano wa jiwe la Rosetta katika mji wa Rashid, Misri, mahali jiwe lilipochukuliwa, ili Mmisri alione kwenye simu yake akiwa kwao, ilhali jiwe lenyewe limo British Museum tangu mwaka 1802. Nalichukulia tendo hilo kuwa jibu, na jibu lenye ukali wa haki. Lakini tusiridhike nalo kupita kiasi. Picha ya ng'ombe haikamwi. Yule aliye na kitu chenyewe aweza kufurahi sana tukitosheka na kivuli.

Sasa nirudi Ufipa. Kwanza niwajibu watakaosema kwamba malungu ni viwanda, hayahusiani na uhakiki wa sanaa. Kiswahili chenyewe kinawakatalia. Sanaa katika lugha yetu ni ufundi, kutengeneza kitu kwa ustadi hadi kikapendeza na kufanya kazi yake. Wanaotenga sanaa ya kutundikwa ukutani na ufundi wa kutoa jembe wameazima uzio ambao wazee wetu hawakuujenga.

Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likapanda kwenda juu mita tatu hivi, pana chini na jembamba juu. Kuzunguka kitako palikuwa na matundu. Humo ndani yalipangwa mawe yenye chuma pamoja na mkaa, na moto ukaachwa ule kwa siku kadhaa. Hapakuwa na mivuo. Urefu wa tanuru ndio uliovuta hewa: hewa ya moto ikipanda na kutoka juu, hewa baridi huingia kwa nguvu matunduni chini. Kilichopatikana hakikuwa bado chuma safi. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililovuviwa kwa mivuo, kisha kikafika kwa mhunzi. Jembe la kiwandani lilipoenea wakati wa ukoloni, kazi hii ilififia hadi ikakoma. Tunayajua mengi kwa sababu ya wazee waliosimulia na wataalamu waliosikiliza: Roy Willis, aliyeandika juu ya Wafipa, Randi Barndon wa Norway, na Mtanzania mwenzetu Bertram Mapunda, aliyechunguza mabaki ya Nkansi katika miaka ya 1990 na kutuonyesha kwamba malungu si namna pekee ya matanuru iliyokuwapo huku.

Na kuna jambo jingine. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi arusi. Mafundi walishika miiko, wakajitenga na wake zao wakati wa kazi, na walikuwa na kikapu cha dawa ambacho si kila jicho lilistahili kukitazama. Ndiyo kusema, fani ya ilungu ni umbo lile refu, lakini maudhui yake ni ndoa na uzazi: udongo unachukua mimba ya moto na kuzaa chuma.

Tazama basi ugumu wa kazi ya vijana wetu. Wakituonyesha umbo na moto peke yake, watakuwa wametoa fani bila maudhui. Mtoto ataona bomba la moshi. Wakitumwagia yote, dawa, miiko na yaliyomo kikapuni, watakuwa wameyaanika kwenye simu ya kila mpita njia mambo ambayo wenyewe waliyafunika kwa makusudi. Ushauri wangu ni kwamba wachukue njia ya tatu. Waonyeshe umbo. Waonyeshe upepo ukiingia matunduni, kwa sababu hapo ndipo ilipo akili ya babu zetu, nayo haionekani kwenye kisiki. Waseme waziwazi, kwa maneno machache, kwamba tanuru lilikuwa bibi arusi. Kuhusu kikapu, wakionyeshe kimefungwa. Mtoto aelewe kuwa palikuwa na kikapu na kwamba hakifunguliwi. Kuijua siri kuwa ni siri ni elimu pia.

La pili, wapambanue kilichopo na kinachokisiwa. Sehemu ya udongo iliyosimama leo iachwe kama ilivyo. Sehemu inayojulikana kwa vipimo vya matanuru mengine yaliyo mazima ichorwe kwa mstari kamili. Sehemu ya kukisia ichorwe kwa nukta. Mtoto wa darasa la tano anaelewa tofauti ya mstari na nukta ukimweleza mara moja. Picha inayong'aa kila mahali kwa nuru moja inasema uongo hata kama kila kipande chake ni kweli, kwa sababu inaficha mashaka.

La tatu, wasiweke ramani ya visiki vilivyo porini. Katika nchi hii wapo watu wanaoamini kwamba kila alama ya kale ina mali ya Mjerumani chini yake. Hata katika maeneo ya michoro ya Kondoa wamechimba. Ukiwapa simu inayowaongoza hadi mlangoni, umewapa jembe. Wachague ilungu moja au mawili yaliyo karibu na kijiji, serikali ya kijiji na wazee wa mahali hapo wakubali, na shule ya jirani ipewe jukumu la kuyatazama. Kisiki kikishavunjwa hakuna picha itakayokirudisha. Simu itabaki kupamba shimo.

La nne ni la mfukoni. Watoto wengi wa vijiji vyetu hawana simu ya kupangusa. Nyumbani mwao pana kitochi kimoja, na bando ni sawa na bei ya chumvi. Programu ifanye kazi bila intaneti, itoshe simu moja ya mwalimu kwa darasa zima, na watoto wapokezane. Wale wanaosubiri zamu yao wasikae bure: wazunguke kisiki, wahesabu matundu, wapime kitako kwa hatua, waguse udongo kama mwalimu akiruhusu. Aliyekuwa na simu mkononi ndiye atakayekuwa ameona kidogo kuliko wenzake, asipoangaliwa.

Najua watakaosema kwamba mzee huyu ameongeza masharti hadi furaha imekwisha. La hasha. Naitaka programu hii. Kwa miaka mingi watoto wa Ufipa wamepita kando ya visiki vile wakidhani ni vichuguu, na mwalimu aliyewafundisha historia ya chuma aliwasomea habari za Meroe huku ushahidi ukiwa umbali wa kutupa jiwe. Kisiki hakisemi. Mzee aliyeweza kukisemea amekufa, au yu mbali na shule. Chombo kinachoweza kukipa kisiki ulimi kwa dakika tatu si cha kudharauliwa. Mabishano yangu ni juu ya ulimi huo utasema nini, na utanyamaza lini.

Ndiyo maana narudia kwamba kipimo kiwe kile cha mkufunzi wa nyuma ya darasa. Siku ya pili baada ya ziara, simu ifungiwe kabatini. Watoto wapewe karatasi wachore ilungu, na waulizwe maswali mawili: kwa nini lilikuwa refu, na kwa nini waliliita bibi arusi. Wakichora miali ya rangi na kusahau matundu, programu ikatengenezwe upya. Wakichora matundu na kueleza upepo, programu imefaulu, hata kama picha zake hazing'ai kama za Ulaya.

Na kabla ya fedha yoyote kutafutwa, vijana hao waanze na zana ya bei rahisi kuliko zote. Waende na watoto kwenye kichuguu, wachukue udongo, waufinyange ilungu dogo la kimo cha goti, watoboe matundu chini, waweke makaa na kulitazama likivuta hewa lenyewe. Asubuhi moja inatosha. Baada ya hapo simu itakuwa na kitu cha kuongezea.